Yah: Taa mbili zisizotosha tangi la matumbawe la lita 1,260

Raskazone,
Tanga.

Kwa Meneja Mauzo,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Taa mbili za LED za wati 190 mlizotuuzia kwa maelezo kwamba kila moja "inatosha lita 700" hazitoshi, na kosa limeanzia kwenye kipimo chenyewe. Mwanga haugawiwi kwa lita. Huhesabiwa kwa eneo la uso wa maji na kina chake. Tangi letu lina urefu wa sentimita 240, upana 75 na kimo 70. Taa hizi, zikining'inia sentimita 20 juu ya maji, huangaza sawasawa eneo la kama sentimita 60 kwa 60. Urefu huo unadai taa nne. Vipimo vyote mlikuwa navyo kabla ya kuandika ankara.

Tumepima PAR, yaani mwanga ambao mwani ulio ndani ya matumbawe huutumia kujitengenezea chakula, kwa mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde. Kihisio kilizamishwa kila baada ya sentimita 20, pampu zikizunguka, maana viwimbi hurusharusha mwanga na ni wastani ndio wa kuaminiwa. Chini ya taa, kina cha sentimita 30, ni 260. Hapo hapo kwenye mchanga ni 110. Katikati ya taa mbili ni 55, na kwenye ncha za tangi 35. Matumbawe laini huridhika na 50 hadi 100, lakini Acropora, yaani matumbawe magumu yenye matawi, hutaka 200 kwenda juu, na zile zilizo nje ya miduara miwili ya mwanga zimegeuka kahawia. (Jua la mchana hapa Tanga hufika kama 2,000 juu ya maji. Hatuombi makubwa.)

Fundi wenu alipima kwa programu ya simu akasema mwanga "ni mwingi mno". Simu hupima lux, kipimo kilichopangwa kwa jicho la binadamu, ambalo huona zaidi kijani na njano. Taa za matumbawe ni za bluu, kati ya nanomita 400 na 470, kwa hiyo namba yake haisaidii lolote. Ushauri wake wa pili, kupandisha taa hadi sentimita 40, ungeziba pengo la katikati kwa kupunguza mwanga chini ya taa, na sehemu yake ingeishia kwenye vioo na sakafuni.

Kijitabu chenu nacho kinaagiza kuwasha kwa asilimia 100 siku ya kwanza. Msikirudie hicho kwa mteja mwingine. Tumbawe lililozoea mwanga hafifu likipigwa ghafla hutapika mwani wake na kubaki jeupe. Huanzwa kwa asilimia 40, ikaongezwa 5 kila wiki, saa 8 hadi 10 kwa siku.

Kuna na kutu. Ndani ya miezi minne skrubu za feni zimeliwa na chumvi, na feni moja imeganda. Tulipofungua tuliona bodi ya umeme haikupakwa vanishi ya kuzuia unyevu, ingawa mliiuza kama taa ya maji chumvi. Feni ikisimama, joto hupanda na LED huchoka mapema.

Tunadai haya ndani ya siku 14: taa mbili za nyongeza za aina ileile bila malipo, lenzi za nyuzi 120 kwa zote nne, na kubadilishiwa taa yenye feni mbovu kwa mujibu wa waranti. Kama hamtaki, chukueni taa zenu na mrudishe fedha zote pamoja na nauli ya mzigo. Baada ya hapo tutapeleka ankara, tangazo lenu na vipimo hivi Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Viambatisho: nakala ya ankara, ramani ya vipimo, picha sita za bodi na skrubu.

Wenu katika kazi,
Watunza tangi