Gari lako lina funguo ngapi huko mtaani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenzangu tunaonunua magari ya mkononi. Mtu akitaka gari siku hizi anakagua injini, anasikiliza gia boksi, anapiga piga bodi kujua kama lilishagongwa likanyooshwa, anaenda kuhakiki kadi TRA, yote hayo sawa kabisa, halafu mwisho wa siku anakabidhiwa funguo moja anatia mfukoni anaondoka nayo. Zingine ziko wapi, hakuna anayeuliza. Nyumba ukihamia kila mtu anakwambia badilisha kitasa, lakini gari la mamilioni tunaliacha vile vile.

Mdogo wangu alinunua Harrier ya kuwashia kwa batani kwa mtu binafsi hapa Dar, akapewa rimoti moja, akaambiwa ya pili ilipotea zamani. Baadaye tukamwita fundi wa funguo amtengenezee ya akiba. Fundi akachomeka mashine yake kwenye ile soketi iliyoko chini ya usukani, akabonyeza bonyeza pale, kioo kikaandika funguo zilizosajiliwa kwenye gari ni 3. Tatu! Na sisi mkononi tuna moja. Yaani hata tukikubali kwamba hiyo moja ilipotea kweli, bado kuna nyingine ipo kwa mtu, na huyo mtu akilikuta gari limepaki anafungua mlango, anakanyaga breki, anabonyeza batani, huyo ameondoka, wala mlinzi hawezi kushtuka maana kioo hakijavunjwa na king'ora hakijalia.

Tangu siku ile nimekuwa nafuatilia sana haya mambo na nimegundua wengi wetu tunapigwa kwa sababu hatujui funguo inafanyaje kazi. Kwenye funguo nyingi za magari ya Japan kuna vitu viwili tofauti. Kuna rimoti, ile ya kubonyeza milango ifunguke, hii inatumia betri. Halafu kuna chipu ndogo sana ambayo haina betri kabisa, ukiingiza funguo kwenye swichi kuna koili imezunguka pale, inairushia mawimbi yanayoipa nguvu, chipu inajibu kwa namba yake ya siri, imobilaiza, yaani kile kifaa ndani ya gari kinachozuia injini kuwaka bila funguo inayotambulika, ikiitambua ndo gari linawaka. Isipoitambua injini itazunguka weee na haishiki, au inashika sekunde moja mbili inazima. Sasa mtu anachongewa funguo ya chuma tupu, inafungua mlango vizuri, inazungusha swichi vizuri, gari haliwaki, anaanza kubadilishiwa plagi na pampu ya mafuta bure wakati tatizo ni chipu haijasajiliwa. Mwingine anauziwa rimoti mpya nzima kumbe iliyokufa ni betri tu, zile bapa za CR2032 au CR1632 zinazouzwa hata maduka ya saa.

Na kwa wenye magari ya batani, rimoti ikizima usikimbilie kuita gari la kuvuta. Ndani yake kuna funguo ya chuma, ichomoe ufungulie mlango, kaa, kanyaga breki, igusishe rimoti kwenye batani ya kuwashia, Toyota nyingi zitatoa mlio kidogo, hapo hapo bonyeza, gari linawaka. Hii inafaa ajue kila dereva na wauzaji wa magari wangetakiwa waonyeshe siku ya makabidhiano.

Jambo lingine ni hizi rimoti za kuagiza mtandaoni. Umbo linaweza kufanana kabisa na lako na isikubali, kwa sababu ya gari lililotengenezewa soko la Ulaya na ya gari la Japan hazitumii masafa ya mawimbi yaleyale. Na rimoti za mtumba za magari ya batani, nyingi zikishasajiliwa kwenye gari moja zinajifunga, hazikubali gari jingine mpaka zifunguliwe na mashine maalumu. Kwa hiyo muulize fundi kwanza ndo ununue, usinunue halafu ukamlazimisha fundi.

Lakini ninalotaka hasa lisikike ni hili. Fundi akikuambia anakuprogramia funguo, kuna kuongeza na kuna kufuta. Akiongeza tu, zile za zamani zote zinabaki hai, aliyekuuzia bado ana gari lako, na dereva wake wa zamani na shemeji yake vile vile. Mwambie afute zote ambazo huna mkononi halafu asajili zako, kisha akuonyeshe kwenye kioo idadi imebaki ngapi kabla hujamlipa. Hakikisha pia betri ya gari ina chaji ya kutosha kabla ya kuanza, umeme ukishuka katikati ya hiyo kazi unaweza kuharibu kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, na gharama yake siyo ya kitoto. Na kama gari lako ni la zamani kidogo linalowashwa kwa funguo, uliza kama uliyonayo ni masta, maana zile ndogo za kumpa mwosha magari haziwezi kusajili nyingine, ukipoteza masta kazi inakuwa kubwa zaidi.

Sasa Mhariri, fundi aliyekuja kwetu alifanya kazi nzuri, sina ugomvi na kazi yake, ila hakutuuliza kadi ya gari wala kitambulisho. Tungekuwa wezi angetutengenezea vile vile. Hawa vijana wana ujuzi mkubwa na tunawahitaji mno, ila mashine waliyonayo kwenye begi inaweza kuwasha gari la mtu yeyote. Wenzetu Uingereza waliweka sheria ya imobilaiza kwa magari mapya tangu 1998, na bado mwaka 2025 serikali yao ilipeleka bungeni muswada wa kukataza watu kumiliki vifaa vya kielektroniki vya kuibia magari, kifungo hadi miaka 5. Sisi sidhani kama tuanze kwa kuwafunga watu. Halmashauri zinapotoa leseni ya biashara kwa mafundi wa funguo ziweke sharti moja rahisi, kwamba kabla ya kuchomeka mashine fundi aone kadi ya gari na kitambulisho cha mwenye nalo, aandike kwenye daftari namba ya gari, namba ya chesisi na tarehe, basi. Polisi wakija kuuliza, daftari lipo.

Na yadi za magari ziandike kwenye mkataba wa mauziano gari linakabidhiwa na funguo ngapi na ngapi zimesajiliwa. Ikiwa wanaweza kuandika hadi rangi ya viti, hili haliwashindi. Mnunuzi akikuta kwenye mkataba hakuna hiyo namba, asisaini mpaka fundi aje achomeke mashine mbele yao wote wawili.

Mkazi wa Tabata,
Dar es Salaam