Kabla hedi haijashuka

Sakina, Arusha

Swahiba,

Salamu kwako na kwa wote hapo Pasua, Moshi. Habari za Corolla nimezipata: ukizunguka Moshi mjini haina neno, Boma Ng'ombe inapita vizuri, ukivuka Usa River mshale wa joto unaanza kupanda, na ukikwama kwenye foleni huku Arusha maji yanatokea kwenye kopo la akiba yakiunguruma. Fundi ameshatamka hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, ishuke. Mwambie asubiri. Gari lenye miaka zaidi ya ishirini lina sababu nyingi za kuchemsha, na karibu zote ni rahisi kuliko hedi.

Anza na mfuniko wa rejeta. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi haifiki 1,000. Sufuria ya maji jikoni kwako inachemka kwenye nyuzi 97 hivi, kwangu 95. Ndani ya injini maji huwa hayachemki kwenye nyuzi hizo kwa sababu mfuniko unayabana kwa presha. Soma juu yake, utakuta namba ya presha, 0.9 au 1.1. Kwa 0.9 tu, hata huku mlimani maji yanaweza kufika kama 115 kabla ya kuchemka, na kulanti, ile dawa ya kupozea inayochanganywa na maji, inaongeza nyuzi nyingine kadhaa. Raba ya mfuniko ikikakamaa au springi ikilegea, presha inakwenda na maji yanarudi kuwa ya sufuria. Sasa piga hesabu: swichi ya feni ya Corolla yako inaiamsha feni maji yakifika karibu 93. Mfuniko ukiwa umekufa, yanachemka kwa 95. Feni imeachiwa nyuzi mbili za kuokoa gari! Moshi ina nne, tena gari halijapanda mlima.

Uangalie injini ikiwa baridi kabisa. Ugeuze. Raba ya chini iwe laini, isiwe na mfereji uliochimbwa na mdomo wa rejeta. Katikati kuna kisahani kidogo; kivute kwa ukucha, kikiachiwa kirudi chenyewe. Hicho ndicho kinachoruhusu maji ya kopo yarudi kwenye rejeta injini inapopoa. Kikiganda, asubuhi utakuta mpira wa juu wa rejeta umenywea kama umefyonzwa. Tazama na mdomo wenyewe wa rejeta, maana mfuniko mpya juu ya mdomo uliojaa chumvi au uliokwaruzika haubani kitu. Ukinunua, nunua wenye namba ile ile. Wapo wanaopenda kupandisha namba wakidhani wanaongeza nguvu. Rejeta yako ina vichwa vya plastiki vilivyochoka na joto la miaka, vitapasukia pale vilipobanwa na aluminiamu.

Feni ni kazi ya dakika moja. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, chomoa plagi ya swichi ya feni, ile inayohisi joto la maji. Kwa Toyota za enzi hiyo feni lazima izunguke ukichomoa. Ikizunguka, mota, fyuzi na rilei ni wazima na wa kutiliwa shaka ni swichi. Isipozunguka, anza na fyuzi na rilei kabla ya kununua mota.

Themostati, ule mlango mdogo unaofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta. Najua fundi wako ataitoa na kuitupa, akisema nchi zetu ni za joto hatuihitaji. Asiitupe. Bila themostati injini inakimbia baridi, kompyuta inazidisha petroli, na oili inachafuka mapema. Na zipo injini ambazo themostati yake ina kisahani cha pili cha kuziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo. Ipime kwenye sufuria. Ining'inize kwa uzi isiguse chini, weka kipimajoto, pasha. Iliyogongwa namba 82 ianze kufunguka hapo hapo karibu na 82, na ifunguke yote inapokaribia 95, nafasi ya kama milimita 8. Lakini ukiipimia Arusha, kumbuka sufuria yetu inaishia 95. Iliyogongwa 88 haitafunguka yote hata uichemshe mchana kutwa, na si mbovu. Ukiirudisha, kile kitundu chenye kimsumari kinachocheza kikae juu, ndiyo njia ya kutolea hewa.

Rejeta yenyewe hujionyesha kwenye mpando, si kwenye foleni. Mpando wa Usa River kuja Tengeru ni mrefu na injini inatoa joto mfululizo, kwa hiyo mirija ikiwa nusu imeziba utaona mshale unapanda ingawa gari linakwenda na upepo upo. Zima injini ikiwa ya moto, chomoa plagi ya mota ya feni isije ikakukata vidole, kisha pitisha kiganja karibu na mapezi ya rejeta. Sehemu iliyopoa katikati ya sehemu za moto ni mirija iliyoziba. Angalia pia kati ya rejeta na ile ya AC mbele yake, vumbi na wadudu hujishona humo kama kapeti. Osha kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini kwenda nje, mapezi yasilale. Dawa za kuziba mvujo usiweke, zinaziba na mirija ya hita.

Wota pampu ina kitundu kidogo chini ya shafti. Michirizi ya kulanti iliyokauka hapo maana yake sili imekwisha.

Hedi iwe ya mwisho, nayo ipimwe kabla ya kufunguliwa. Asubuhi injini baridi, toa mfuniko, jaza maji hadi mdomoni, washa. Viputo vya mwanzo ni hewa tu. Visipokoma, na vikaongezeka unapokanyaga mafuta, gesi ya silinda inapita kwenye gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya hedi na bloku. Dalili nyingine ni mpira wa juu kuwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika mbili, maji yakiwa bado baridi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni ushahidi. Ila povu jeupe chini ya mfuniko wa oili peke yake lisikutishe, hasa Juni na Julai. Ni unyevu wa safari fupi. Ikibidi ishuke, dai ipimwe mbele yako kwa rula na filageji, vile visahani vyembamba vya kupimia nafasi. Upande unaokaa kwenye bloku usizidi milimita 0.05 ya kupinda. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda inakupa wiki chache tu.

Kujaza: geuza pua ya gari ielekee mlimani, swichi ya hita iwe upande wa joto, mimina polepole. Mfumo unachukua lita 5 hadi 6, nusu kulanti, nusu maji ya mvua au maji ya betri, yale safi, si asidi. Ikikubali lita 3 au 4 tu, kuna hewa imejificha. Bonyezabonyeza mpira wa juu na uongeze mpaka hewa iishe.

Likichemsha njiani kabla hujafanya haya, egesha, zima, usiguse mfuniko kwa nusu saa walau, na usimimine maji baridi kwenye injini ya moto.

Mfuniko ukishabadilika, njoo nalo huku ulijaribu. Ila usije Jumapili, siku hiyo foleni ya kulijaribia haipatikani.

Wako,
Swahiba wa Sakina