Shukrani kwa ndugu wa duka la fotokopi, Kadutu
Ndugu yangu wa pale Kadutu, Bukavu, ambaye jina lako silijui, pokea shukrani za familia yetu yote. Picha za marehemu baba, za sentimita 15 kwa 10, ulizipangusa vumbi moja moja kwa kitambaa laini, kisha ukanieleza kwa subira kwamba kuziskani kwa nukta 300 kwa inchi kungetoa takriban pikseli (vidoa vidogo vinavyounda picha) 1,772 kwa 1,181, ilhali televisheni yetu ya 4K, ambayo tungezitazamia, ina 3,840 kwa 2,160, ndiyo maana ukachagua nukta 600. Mwingine angemaliza haraka na kupokea pesa zake. Sasa mama anaona hata vifungo vya shati la baba, na maua ya kitenge alichovaa yeye mwenyewe siku ile. Mungu akubariki sana.