Risasi yetu haikutoka jikoni

Mhariri,

Nawasoma tangu usichana wangu na sijawahi kuwaandikia. Ila ile taarifa yenu kuhusu watoto na sumu ya risasi, yale madini ya kwenye betri, yenye picha ya mama akimnawisha mtoto, imenifanya nishike kalamu. Mama anawe, mama apige deki, mama apike mboga zenye madini ya chuma. Neno "kiwanda" nimelitafuta hadi mstari wa mwisho, halimo.

Kitinda mimba wangu nilimzaa 2010 hapa Mikindani, karibu na Owino Uhuru, wakati kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa kinafuka. Kilianza 2007, kikafungwa 2014. Mtoto alishikwa na degedege, nikamkimbiza zahanati. Nesi hakuanza na mtoto. Alishika mikono yangu, akageuza viganja, akazitazama kucha mbele ya foleni nzima: "Mama, wewe hunawa kabla ya kumnyonyesha?" Nilinawa! Shuka niliyoianika asubuhi ikitoka kambani jioni na masizi, hiyo hakuuliza. Hewa niliyovuta na mimba tumboni hakuuliza. Nikapewa dawa ya minyoo, nikarudi nyumbani nikiona haya kama mwizi. Mtu akipigwa risasi ya bunduki, huulizwa nani kafyatua. Hii yetu huulizwa mama kapiga deki au hakupiga. Phyllis Omido alifanya kazi kiwandani humo, na mwanawe mchanga akakutwa na risasi mwilini, naye akaongoza wakazi kwenda kortini. Angetii ushauri wa taarifa yenu, angenunua sabuni akanyamaza, wala korti isingeamuru mwaka 2020 watu wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ukatupwa 2023, ukarudishwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Kina mama wanapanda ngazi za korti, ninyi mnawaandikia habari za kitambaa cha majimaji.

Binti yangu wa chuo amenisomea uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio ya huko nje: kuwafundisha wazazi na kufuta vumbi nyumbani hakukuonekana kupunguza risasi katika damu ya watoto. Sisemi watu wasinawe.

Na kunawa kwenyewe kwa maji gani? Mfereji wetu una kutu ndani kwa kukaa mkavu. Wa mkokoteni anauza mtungi wa lita 20 kwa bei anayoamkia nayo, na siku ya Idi hupandisha maradufu huku akikuita "mamangu".

Basi watafiti wanaotushauri kunawa na kupiga deki waje, karibu sana. Waje Alhamisi, siku ya shida ya maji, kila mmoja na mitungi yake miwili, wapige deki chumba changu wiki nzima. Wakimaliza, waende na daftari lao kwa wenye viwanda, wawashike mikono, wageuze viganja, wazitazame kucha.

Mama wa watoto wanne,
Mikindani, Mombasa