Paa linavuja, lakini kodi usiache kulipa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako, maana masika yakiingia sie tuliokodi maduka ndio tunalala macho. Mimi ni fundi wa nguo hapa Mombasa mjini, nina cherehani nne, na huu ni mwaka wa kumi na moja niko duka hilo hilo, upande wa uani ambako juu hakuna ghorofa, ni bati na silingi bodi tu. Nalipa elfu kumi na nane kwa mwezi. Hatukuandikiana chochote na mzee mwenye jengo, tulipeana mkono, mzee akafariki na sasa landilodi ni mwanawe.

Mwaka 2018 kaunti ilipoamuru majengo ya mjini yapakwe nyeupe na buluu, letu lilipakwa chapuchapu, ukipita barabarani waona bibi harusi. Sasa ingia ndani. Bati zimetoboka, silingi imefura tumbo, maji yanateremka na ukuta mpaka kwenye swichi ya stima. Mvua za mwaka jana ziliniharibia majora mawili ya kitambaa na sare za shule ambazo pesa za watu nilikuwa nishapokea, nikalipa mimi. Nikimpigia landilodi ananiambia naskia fundi wangu, nitatuma mtu Jumatatu, na Jumatatu yenyewe hakusema ya mwezi gani.

Basi nikafanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya, nikasema silipi mpaka aezeke. Nilijiona mjanja kweli, nikawashauri na wenzangu wa duka la pili. Mwezi wa tatu haujaisha asubuhi moja naona lori limesimama mlangoni, madalali wanataka kubeba cherehani zangu, na mteja yuko ndani napima suti! Bahati mteja mwenyewe ni karani wa wakili, akawauliza ruhusa ya Tribunali, lile baraza linaloamua kesi za kodi za maduka, iko wapi, wakatazamana, hawana karatasi yoyote, wakaondoka. Halafu akanigeukia mimi. "Fundi, haki ilikuwa yako yote, wewe mwenyewe ndio umeitupa."

Alivyonieleza ndivyo nataka wenzangu wajue, kwa sababu sheria yenyewe imeandikwa Kizungu cha wakili na wengi tunaisikia siku ya lori. Kuna Sheria ya mwenye nyumba na mpangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301, iko tangu 1965. Mimi nilikuwa nadhani kwa vile sina mkataba sina haki, kumbe ni kinyume: ukiwa duka hukuandikiana, au mliandikiana miaka mitano kushuka, hapo ndipo sheria hiyo inakulinda. Hakutoi mtu kwa simu wala kwa kubadilisha kufuli. Lazima notisi ya maandishi ya miezi miwili kwa fomu yake rasmi, iwe ni ya kukutoa au kukupandishia kodi, na ukiipata usiikalie, unajibu ndani ya mwezi mmoja na unaenda Tribunali ya kodi za majengo ya biashara kabla siku ya notisi kufika, la sivyo inapita hivyo hivyo. Ila kama kibanda chako ni cha kaunti sheria hii haikugusi, hapo una njia nyingine.

Sasa kuhusu paa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema mtu akikodisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mitaro mikubwa na njia ambazo wote mnapita ni juu ya mwenye jengo, isipokuwa mmekubaliana vingine. Akikataa, Tribunali ina nguvu, iko kifungu cha 12 cha ile Sura ya 301, ya kukuruhusu wewe mpangaji utengeneze halafu ukate gharama kwenye kodi. Au itengenezwe kwa gharama yake, na asipolipa kodi yako unaipeleka Tribunali mpaka deni liishe. Yaani kile nilichokuwa nataka kukifanya kwa ubabe kipo kwa sheria, lakini kwa ruhusa, sio kwa kuamua mwenyewe kwa hasira. Kwa sababu kodi ikilala miezi miwili hiyo tayari ni sababu mojawapo ya kukutoa, na hapo habari ya paa inageuka kuwa habari ya deni lako.

Nililipa ile miezi mitatu yote, kwa kukopa, tena kwa M-Pesa ili ushahidi ubaki. Nikapiga picha kila tundu, nikaandika barua moja nikampa keateka, mwangalizi wa jengo, akasaini nakala, nikaita mafundi wawili wanipe bei kwa maandishi, ndio nikapeleka malalamiko. Nilipata ruhusa, bati na mbao zilikula 46,500 na fundi wake, naendelea kukata kidogo kidogo.

Landilodi naye hakukaa bure, sasa amesema anataka kubomoa ajenge upya. Huo mchezo wazee wa mji wanaujua, waacha jengo lioze halafu wasema limeoza tokeni. Kubomoa kweli ni sababu inayokubalika kisheria, lakini Tribunali hutaka kuona nia yenyewe, plani zilizopitishwa ziko wapi, pesa ziko wapi, na notisi ni ile ile ya miezi miwili. Mpaka leo nimeletewa maneno tu kupitia keateka, na maneno siyajibu, naingoja karatasi.

Mvua ya wiki iliyopita haikuingia ndani hata tone. Mtaro wa nyuma ndio bado unafurika na harufu yake wateja wanakimbia, huo nimeupeleka kwa afisa wa afya wa kaunti maana Sheria ya Afya ya Umma inamruhusu kumpa mwenye jengo notisi ya kuondoa uchafu. Kodi ya mwezi huu nishalipa, ukitoa kile ninachokata.

Fundi wa cherehani,
Mombasa