Jumamosi: matembezi ya Bonde la Msimbazi

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi tunakutana saa 1 asubuhi kituo cha mabasi ya mwendokasi Magomeni Mapipa, kisha tunashuka kwa miguu hadi Jangwani, tulione bonde na kuandaa maoni yetu kuhusu mafuriko na usafiri. Wa Kimara na Ubungo, njooni kwa mwendokasi. Magari tuyaache nyumbani.

Nimechagua Jangwani kwa sababu Barabara ya Morogoro inakatiza bonde pale pale. Mvua zikikolea, maji hufunika lami na mabasi haya yaliyoanza 2016 husimama. Hata karakana yao ilijengwa humo humo bondeni! Lakini maji yale hayaanzii mjini. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na miti ikikatwa kule, udongo wote hutuishia sisi huku chini. Ndiyo maana naona daraja jipya la Jangwani peke yake halitoshi. Maoni yetu yaseme wazi kwamba mikoa ya Dar na Pwani ipange bonde hili kwa pamoja, kuanzia chanzo hadi baharini.

Umeme nao tutaugusa. Treni ya SGR (reli ya kisasa) ya Dar hadi Dodoma inaendeshwa kwa umeme tangu 2024, na Bwawa la Nyerere la kuzalisha umeme lina uwezo wa megawati 2,115. Mabasi ya mjini nayo yafikiriwe kuendeshwa kwa umeme.

Wazee wa Magomeni mnaolikumbuka bonde la zamani, tafadhali msikose, tunawahitaji sana. Vaeni viatu vya kufunga, na kila mtu aje na maji ya kunywa. Mvua ikinyesha nitatangaza hapa kabla ya saa 12 asubuhi. Anayekuja aandike jina lake hapa chini.