Zile EP saba, usizichanganye

Lubumbashi, Katuba

Ndugu yangu Ilunga,

Salamu nyingi kwako na kwa watu wote wa nyumbani Likasi. Ujumbe wako nimeupata. Unasema *Push Barman to Open Old Wounds* imekuchosha kabla hujafika katikati ya sidii ya pili, na unauliza watu wanaisifia nini. Nadhani umeisikiliza kama albamu, tena huenda simu ilikuwa inachanganya nyimbo. Hapo lazima ichoshe. Ule ni mkusanyo wa EP saba (rekodi fupi, za nyimbo chache) za bendi ya Belle and Sebastian, za 1997 hadi 2001, zilizofungwa pamoja mwaka 2005. Kila EP ina nyimbo tatu au nne, na kila moja ina mwanzo wake na mwisho wake. Hawa watu wa Glasgow walishika desturi ya zamani: wimbo wa EP hauingii kwenye albamu, isipokuwa mmoja nitakaoutaja chini. Kwa hiyo mwenye albamu zao zote za miaka ile bado alikuwa hana nyimbo hizi.

Wewe mtu wa Likasi unapaswa kulielewa jambo hili upesi. Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco aliporekodiwa hapo kwenu mwaka 1952, mji ukiitwa bado Jadotville, wimbo ulikuwa unaingia upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78, dakika kama tatu, basi. Hakuna aliyekaa kusikiliza santuri ishirini na tano mfululizo.

Igawe hivi. Sidii ya kwanza ina nyimbo 12: nne za *Dog on Wheels*, nne za *Lazy Line Painter Jane*, nne za *3.. 6.. 9 Seconds of Light*. Zote tatu ni za 1997. Sidii ya pili ina 13: nne za *This Is Just a Modern Rock Song* (1998), kisha tatutatu za *Legal Man* (2000), *Jonathan David* na *I'm Waking Up to Us* (zote mbili 2001). Tengeneza folda saba, sikiliza moja kwa siku.

*Dog on Wheels* usiihukumu kwa sauti. Ni rekodi za majaribio, za kabla ya albamu ya kwanza, *Tigermilk*, na bendi ilikuwa bado haijakamilika. Humo kuna "The State I Am In" ambayo unaijua kutoka *Tigermilk*. Usiifute ukidhani ni nakala ya pili! *Tigermilk* ilitoka 1996 kwa santuri 1000 tu, ikarudishwa sokoni 1999. Katikati hapo, asiyekuwa na moja ya zile 1000 aliujua wimbo huo kwa sura hii ya EP. Ziweke zifuatane, usikilize uimbaji: hii ya majaribio ni ya mtu ambaye bado anajaribu maneno mdomoni. Mimi naipenda zaidi, ingawa najua utabisha.

Kuna pacha wengine ambao wengi wanawapita bila kujua. "A Century of Elvis" iko kwenye EP ya pili, "A Century of Fakers" inafungua ya tatu. Muziki wa chini ni uleule. Katika ya kwanza Stuart David, mmoja wa bendi, anasimulia kwa kuongea tu, haimbi. Katika ya pili Stuart Murdoch, mwimbaji wao mkuu, anaimba juu ya muziki huohuo. Ukichanganya nyimbo, utadhani simu imekwama. Ukizifuatisha, utaona jinsi gitaa lililokuwa limejificha nyuma ya maongezi linavyogeuka kuwa wimbo.

Na "Lazy Line Painter Jane" wenyewe, ule wa karibu dakika 6 ambao mwimbaji mgeni Monica Queen anaingia na sauti yake kubwa, usiukate mwishoni waimbaji wanaponyamaza. Kile kinanda cha mwisho ndicho wimbo. EP hiyo iliishia nafasi ya 41 Uingereza, nafasi moja tu nje ya 40 bora, na mashabiki wana uchungu nayo mpaka leo.

Sasa fulashi ya gari. Iandae (format) kwa mfumo wa FAT32. Redio nyingi za gari zikikuta mfumo wa NTFS zinasema hakuna faili. Redio za bei ndogo hazifuati alfabeti, zinapiga kwa mpangilio ambao faili ziliandikwa. Kwa hiyo usiburute folda zote saba kwa pamoja: nakili ya kwanza, ngoja iishe, ndipo ya pili. Majina yaanze na 01, 02, 03. Folda ya tatu iite "03 Seconds" tu, zile nukta za jina lake zinaweza kuisumbua redio. MP3 ya kbps 320 inakula MB 2.4 kwa dakika; hata muziki ungefika saa mbili kamili, MB 300 zinatosha. Ukiwa na FLAC, faili isiyopoteza chochote cha sauti, itunze kwenye kompyuta, na MP3 itoe humo. Usigeuze MP3 kuwa MP3 nyingine, kila mara inapoteza kitu, na matoazi ndiyo yanaanza kuchakaa.

Wimbo wa mwisho wa sidii ya kwanza, "Put the Book Back on the Shelf", umebeba mwingine mgongoni: "Songs for Children". Kuutenga, tumia programu ya mp3DirectCut, kwa sababu inakata bila kusindika upya. Kata ndani ya kimya, usiguse mwangwi wa wimbo wa kwanza.

Kuhusu sauti kupanda na kushuka, katika MP3Gain, programu ya kusawazisha sauti, chagua kipimo cha albamu, folda kwa folda. Ukichagua cha wimbo mmojammoja, nyimbo za upole zitapandishwa hadi zilingane na za kelele, na EP nzima itakuwa bapa kama ubao.

Zile nyimbo nne za 2001 ulizoniulizia hazimo humu, tafuta *The BBC Sessions* ya 2008. Za kuanzia 2003 ziko kwenye mkusanyo mwingine, *The Third Eye Centre*, 2013, lakini hizo zisubiri.

Fulashi yangu, iliyopangwa hivyohivyo, nitampa mtu wa basi Ijumaa. Anza na folda ya 02.

Aksanti,
Mutombo